Je, Homoni Zote za Mwili Zimekwisha Kujulikana?

Habari za homoni zasikika siku hizi hospitalini, shuleni, hata sokoni kwa wauza dawa. Wako wanaodhani kwamba wenye elimu wamekwisha kuzihesabu zote, kama mchungaji ahesabuvyo kondoo zizini. Wako na wengine waaminio kila asemaye kwamba homoni mpya imeonekana, na dawa yake anayo mfukoni. Makundi hayo mawili yote yamepotea njia. Basi na tulichunguze jambo hili kwa taratibu.

1. Homoni ni nini?

Homoni ni kitu kidogo sana kitengenezwacho na sehemu moja ya mwili, kikaingia katika damu, kikachukuliwa hata sehemu nyingine, na huko kikaamsha kazi au kuizuia. Ni mjumbe apelekaye amri. Watu wa milimani waujua ugonjwa wa rovu. Tezi iliyo shingoni hutengeneza homoni isaidiayo joto la mwili na kukua kwa mtoto, nayo haiwezi kuitengeneza pasipo iodini, ambayo wengi huiita madini joto. Ikikosekana katika chakula, tezi huvimba kwa kujitahidi. Ndiyo sababu chumvi hutiwa madini hayo.

2. Mjumbe wa kwanza kupewa jina

Zamani wataalamu walidhani kwamba amri za kumeng'enya chakula hupita katika mishipa ya fahamu tu. Mwaka 1902, huko London, William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa ya fahamu ya kipande cha utumbo wa mbwa, wakaiacha mishipa ya damu. Kisha wakatia asidi ndani ya kipande hicho. Kongosho likatoa maji yake vile vile, ingawa njia ya fahamu ilikuwa imekatwa! Ndipo wakakwangua ngozi ya ndani ya utumbo, wakaiponda pamoja na mchanga na asidi, wakaichuja, wakaitia katika damu. Na kongosho likatoa maji tena. Basi mjumbe alipita katika damu. Wakamwita sekretini. Mwaka 1905 Starling akawapa wajumbe wa namna hii jina la homoni, kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya kuamsha.

3. Viungo vilivyodhaniwa kuwa bubu

Tangu hapo viungo vingi vilivyodhaniwa kuwa kimya vimeonekana kuwa vyasema. Moyo ulihesabiwa kuwa pampu tu, hata mwaka 1981 Adolfo de Bold na wenzake huko Kanada walipotoa maji ya nyama ya vyumba vya juu vya moyo wa panya, wakawadunga panya wengine. Nao wakatoa mkojo mwingi wenye chumvi. Kumbe moyo hupeleka habari kwa figo.

Mafuta ya mwili yalihesabiwa kuwa ghala tu. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waliivumbua leptini, itokayo katika mafuta hayo na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani waliona katika tumbo homoni iamshayo njaa, wakaiita ghrelini. Na mwaka 2024 wataalamu wa California walitangaza kwamba katika ubongo wa panya wanyonyeshao hutengenezwa homoni iliyoitwa CCN3, iimarishayo mifupa wakati maziwa yanapoichukua chokaa yake. Hayo yalionekana kwa panya. Mtu asiyahubiri kana kwamba yamethibitika kwa mama zetu.

4. Kufuli zisizo na funguo

Iko sababu nyingine ya kusema kwamba homoni nyingine zimesalia. Homoni haifanyi kazi mahali pasipo na kipokezi chake, kama ufunguo usivyofaa pasipo kufuli. Katika jamaa moja kubwa ya vipokezi, viko kama 100 ambavyo ufunguo wake haujulikani. Wataalamu huviita yatima. Ghrelini ilipatikana kwa njia hii hasa: kufuli ilijulikana kwanza, ndipo ufunguo ukatafutwa. Tena homoni nyingi ni haba mno katika damu, hata ni shida kuziona. Walakini tusiseme kwamba kila yatima lazima awe na homoni inayomngojea. Huenda vingine vina kazi ya namna nyingine.

Basi jibu letu ni hili: yaelekea sana kwamba homoni zisizojulikana zipo, lakini hakuna awezaye kutaja hesabu yake.

5. Tahadhari

Mwaka 2013 wataalamu wa chuo cha Harvard waliandika kwamba homoni iitwayo betatrofini huzidisha katika panya chembe zitengenezazo insulini. Wenye kisukari wengi walitumaini. Wengine walipolijaribu jambo hilo hawakuliona hivyo. Waandishi wenyewe wakalirudia, na mwaka 2016 wakaiondoa makala yao. Hiyo si aibu. Ndiyo elimu ya kweli, ikubaliyo kupimwa.

Lakini insulini yenyewe imekwisha kupimwa. Mwezi wa Januari 1922, huko Toronto, alidungwa kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa kwa kisukari, akapata nafuu. Na tangu hapo watu wasiohesabika wameishi kwayo. Mgonjwa anayeihitaji akiiacha kwa sababu ya uvumi wa homoni mpya, aweza kufa kwa siku chache. Walimu, mwonyeni mtu wa namna hiyo kwa upole, mkamrudishe kwa daktari upesi.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini Bayliss na Starling walikata mishipa ya fahamu kwanza?
2. Kipokezi yatima ni nini, nacho chatufundisha nini?
3. Mtu akileta habari ya homoni mpya, tumwulize: Je, imejaribiwa kwa watu, au kwa panya tu? Je, wengine wameirudia kazi hiyo wakaona vivyo hivyo?
4. Muuzaji akimtaka mgonjwa aache dawa ya hospitali, tumjibuje?