Kiti cha Gari na Mgongo Wako: Somo kwa Madereva na Abiria wa Kilifi

Na Mwandishi Wetu

Dereva anayetoka Malindi alfajiri kwenda Mombasa husafiri takriban kilomita 120. Akirudi amefikisha 240, na siku ya biashara nzuri hurudia safari hiyo tena. Muulize mwili unavyomwambia jioni, na mara nyingi atakutajia mgongo, kiuno, shingo na magoti. Muulize anafanya nini kuhusu maumivu hayo, na huenda akajibu kwamba kazi ndivyo ilivyo, au kwamba umri umeanza kubisha hodi.

Abiria naye ana yake. Anayekwenda kazini kila siku kutoka Mtwapa, au mama anayesafiri kutoka Ganze akiwa amebanwa katikati ya kiti na mzigo miguuni, hushuka kituoni akijinyoosha kama aliyetoka kulima.

Ujumbe wa somo hili ni mmoja. Maumivu mengi ya safarini si hukumu ya umri wala ya kazi. Yanasababishwa zaidi na mambo matatu: jinsi kiti kilivyopangwa, muda unaokaa bila kusogea, na mtikiso wa gari. Yote matatu yanaweza kupunguzwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji pesa.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya mgongo sehemu ya kiuno mwaka wa 2020, na kwamba hakuna tatizo lingine linalosababisha ulemavu kwa watu wengi zaidi. Kwa dereva, mgongo ukigoma mapato yamekatika. Na dereva asiyeweza kugeuza shingo kutazama kando ni hatari kwa kila mtu aliye barabarani.

KWA NINI KITI HUUMIZA

Uti wa mgongo umejengwa kwa mifupa midogo iitwayo pingili. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani kifuko kigumu nje na laini ndani, kinachopokea uzito na mishtuko. Ukisimama wima, mgongo huingia ndani kidogo sehemu ya kiuno. Mbonyeo huo ndio unaosambaza uzito vizuri.

Ukikaa kwa kujikunja, mbonyeo huo hupotea. Diski hubanwa upande wa mbele na kusukumwa nyuma, huku misuli na kano za mgongo zikivutwa kwa saa nyingi. Daktari wa mifupa wa Uswidi, Alf Nachemson, alianza kupima mgandamizo ndani ya diski za watu walio hai katika miaka ya 1960. Vipimo vyake vilionyesha kuwa kukaa bila kuegemea, hasa ukiinama mbele, huzibana diski kuliko kusimama. Yeye na wenzake walionyesha baadaye kwamba kuegemea nyuma kidogo na kuweka tegemeo kiunoni hupunguza mgandamizo huo.

Sababu ya pili ni kutulia mahali pamoja. Misuli hulishwa na damu, na damu husukumwa vizuri zaidi mwili unaposogea. Mguu uliokunjwa kwa saa nyingi huvimba na kufa ganzi. Mwaka wa 2007, WHO ilieleza kuwa safari ya kukaa kwa saa 4 au zaidi huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa ya mguu. Kwa mtu mwenye afya nzuri uwezekano huo bado ni mdogo, lakini anayepanda basi la usiku kwenda Nairobi hana budi kuujua.

Sababu ya tatu ni mtikiso. Mwili wa mtu aliyekaa huitikia sana mitetemo ya mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na gari linalopita barabara mbovu hutoa mitetemo ya namna hiyo. Misuli ya mgongo hulazimika kukaza na kulegea bila kupumzika. Ndiyo maana kilomita 20 za barabara ya changarawe huchosha kuliko 60 za lami.

PANGA KITI CHAKO: HATUA NANE

Fanya haya gari likiwa limesimama. Ukishazoea, hayazidi dakika mbili.

1. Toa kila kitu mfuko wa nyuma. Pochi nene, simu au bunda la stakabadhi huinua nyonga upande mmoja na kupinda mgongo safari nzima.

2. Sukuma makalio hadi mwisho wa kiti. Pasibaki nafasi kati yako na maegemeo.

3. Rekebisha urefu wa kiti, kama kinaruhusu. Nyonga ziwe sawa na magoti au juu yake kidogo, nawe uone barabara bila kunyoosha shingo.

4. Sogeza kiti mbele au nyuma. Kanyaga klachi hadi chini: goti libaki limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa, uko mbali mno. Likigusa usukani, uko karibu mno.

5. Laza maegemeo kidogo tu. Yasiwe wima kama ukuta wala yasilale kama kitanda cha ufukweni. Nyuzi 100 hadi 110 kati ya paja na mgongo huwafaa wengi.

6. Weka tegemeo kiunoni. Kunja taulo dogo au leso iwe mviringo mnene kama mkono, uiweke usawa wa mkanda wa suruali au juu yake kidogo. Ikikusukuma mbele, ni nene mno.

7. Pima umbali wa usukani. Mabega yakiwa yameegemea, nyoosha mkono: kifundo kifike juu ya usukani. Kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani. Kilele cha kiegemeo cha kichwa kisiwe chini ya sehemu ya juu ya masikio.

8. Mwisho, panga vioo ukiwa umekaa wima. Hatua hii ina faida ya ziada: ukianza kujikunja njiani, hutaona vizuri kiooni. Usisogeze kioo. Nyoosha mgongo.

KITI KILICHOCHOKA

Kuna viti ambavyo mpangilio pekee hauvisaidii. Sponji imekuwa chapati, springi zinachoma, au upande mmoja umezama. Kiti kilichozama upande mmoja huupinda mgongo hata ukikaa vipi.

Ukitaka kupima, simamisha gari, shuka, kisha bonyeza kiti kwa ngumi sehemu kadhaa. Ukigusa chuma au ubao, sponji imekwisha. Mpelekee fundi wa viti na umwombe sponji nzito, si ile laini inayozama siku ya kwanza. Kumbuka kwamba kuongeza mto mnene juu ya kiti si suluhisho. Mto hukuinua, hubadilisha mahali mkanda wa usalama unapopita, na huteleza unapofunga breki ghafla.

Tazama pia kilicho chini ya kiti. Magurudumu yaliyojazwa upepo kupita kiasi, springi zilizovunjika na shoku zilizokufa hupeleka kila shimo moja kwa moja mgongoni. Na dawa ya kwanza ya barabara mbovu ni mguu wa dereva. Punguza mwendo kabla ya tuta au shimo, si ukiwa juu yake.

UKIWA NJIANI

Usikae zaidi ya saa mbili bila kushuka. Dakika tano za kutembea zinatosha. Dereva wa matatu anaweza kuzitumia wakati gari linajaza abiria, badala ya kuendelea kukaa nyuma ya usukani akitazama simu. Kila unaposhuka fanya haya:

• Simama, weka mikono kiunoni, jipinde nyuma polepole mara 5 hadi 10. Hivi unaurudishia mgongo mbonyeo wake.

• Zungusha mabega nyuma mara 10, kisha vuta kidevu ndani kana kwamba unatengeneza kidevu cha pili. Shikilia kwa sekunde 5, mara 5.

• Weka kisigino kwenye ngazi ya gari, goti likiwa limenyooka, uiname kidogo kutoka kwenye nyonga hadi uhisi misuli ya nyuma ya paja ikivutika. Sekunde 20 kila mguu.

• Inuka kwa ncha za vidole na kushuka, mara 15, ili damu ipande kutoka miguuni.

Zoezi lisilete maumivu makali. Likileta, acha.

Onyo kwa madereva na makondakta: usiruke kutoka kitini ukaenda moja kwa moja kubeba gunia. Baada ya kukaa na kutikiswa kwa muda mrefu, diski na kano za mgongo huwa katika hali dhaifu. Tembea dakika chache kwanza. Kisha chuchumaa, kumbatia mzigo karibu na mwili, na uinuke kwa nguvu za miguu.

Muguka, miraa na vinywaji vya kuchangamsha huficha uchovu bila kuuondoa. Mgongo unaendelea kuumia hata kama husikii.

KWA ABIRIA

Kwenye basi, viti vya nyuma ya magurudumu ya nyuma hurushwa zaidi. Wajawazito, wazee na wenye matatizo ya mgongo wakae katikati ya gari, na sisi wengine tuwapishe. Mjamzito afunge mkanda wa usalama, sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga.

Usiweke mzigo mahali pa miguu. Miguu ikikosa pa kukanyaga, uzito wote humwangukia mgongo. Katika safari ndefu zungusha vifundo vya miguu kila baada ya nusu saa, kunywa maji, na ushuke kila basi linaposimama. Ukilala, egemeza kichwa kwa leso iliyokunjwa, usikiachie shingo kazi hiyo.

Kukataa kukaa kwenye kibao cha kati ya viti ni haki yako. Kibao hakina maegemeo wala mkanda, na gari la abiria 14 limeruhusiwa kubeba 14.

UKISHAANZA KUUMWA

Maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache. Usijilaze kitandani siku nzima. Endelea na shughuli nyepesi na utembee kidogo kidogo. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, husaidia kulegeza misuli.

Kuwa mwangalifu na tembe za maumivu. Diclofenac na ibuprofen, zikimezwa kila siku kwa wiki nyingi bila ushauri, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo aulize mhudumu wa afya kwanza. Dawa nyingi za kulegeza misuli huleta usingizi, kwa hivyo usiendeshe gari ukizitumia.

Maumivu yakizidi wiki nne, au yakirudi rudi, nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ukihitaji, utaelekezwa hospitalini kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Kama hujajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), piga *147#.

USINGOJE HATA SIKU MOJA UKIONA HAYA

• Ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, kushindwa kukojoa, au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa.
• Mguu kupoteza nguvu au kuburuta.
• Maumivu ya mgongo pamoja na homa, au kupungua uzito bila sababu.
• Maumivu baada ya ajali au kuanguka.
• Mguu mmoja kuvimba, kuwa moto na kuuma baada ya safari ndefu, hasa ukikosa pumzi.
• Maumivu ya kifua yanayokwenda begani, mkononi au kwenye taya. Hayo huenda ni ya moyo, si ya kiti.

Dalili hizi zinahitaji hospitali, si kukandwa.

WENYE MAGARI NA SACCO

Dereva hawezi kurekebisha kiti kisichosogea wala kupumzika akidaiwa hesabu isiyowezekana. Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kuweka dereva wa pili kwa zamu ni kutii sheria na pia kutunza mtaji. Kiti cha dereva kikaguliwe kila gari linapopelekwa gereji, kama breki zinavyokaguliwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILI STEJINI AU BARAZANI

1. Je, viti vya madereva katika Sacco yetu husogea na kulala inavyotakiwa? Ni vingapi vimekwama?
2. Madereva wetu hupumzika wapi, na kwa muda gani, kati ya safari na safari?
3. Ni nani kati yetu anayemeza tembe za maumivu kila siku, na ameonana na mhudumu wa afya?

Leo, kabla ya kuwasha gari, toa pochi mfuko wa nyuma na ukunje leso. Anzia hapo.