Tukutane kwa Video: Jinsi ya Kuandaa Mkutano wa Mtandaoni na Kuwashirikisha Wengine



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo kamati nyingi za parokia hukutana nalo: mkutano wa video na ofisi ya mradi au na wafadhili walio mbali. Tangu UVIKO-19 ilipozuia safari mwaka 2020, mikutano mingi ya aina hii ilihamia kwenye mtandao. Safari zimerudi, lakini mkutano wa video umebaki kwa sababu unaokoa nauli, posho ya kulala na siku mbili tatu za njiani. Fedha hizo zinaweza kununua mabomba au saruji.

Hata hivyo, mkutano ulioandaliwa vibaya unaweza kuleta madhara. Mfadhili husikia sauti moja tu, yaani ya yule mwenye simu nzuri. Mama mhazini, ambaye ndiye anayejua fedha zimetumikaje, anabaki nje kwa sababu hakupata kiungo cha kuingilia. Uamuzi wa bajeti unapitishwa, na kamati inakuja kuupata kama taarifa. Baadaye watu wanasema, "Mradi ni wa wakubwa." Mradi ukishafika hapo, kuurudisha mikononi mwa wananchi ni kazi ngumu.

Ili tuelewane, tuchukue mfano wa kamati ya maji yenye wajumbe tisa. Pampu yao imeharibika. Wanataka wafadhili wakubali sehemu ya fedha za kisima cha pili zitumike kununua pampu mpya. Tufuate hatua kwa hatua jinsi watakavyoandaa mkutano wao.

1. Kamati ikutane yenyewe kwanza

Mkutano wa video si mahali pa kamati kuanza kubishana mbele ya mgeni. Wajumbe wakutane ana kwa ana siku chache kabla, wapitie ankara za pampu, wakubaliane wanachoomba na wachague wasemaji. Katika mfano wetu, mwenyekiti ataeleza tatizo, fundi atasema pampu imeharibika kwa nini, na mhazini atasoma hesabu. Akidi iliyowekwa na katiba ya kamati ibaki vilevile. Mkutano kuwa wa mtandaoni hakuwapi watu watatu mamlaka ya watu tisa.

2. Chagueni programu inayowafaa

Programu tatu zinajulikana zaidi katika maeneo yetu.

WhatsApp: Watu wengi tayari wanayo kwenye simu. Simu ya video ya kikundi inachukua watu hadi 32, na unaweza kutengeneza kiungo cha kujiunga. Inafaa kwa mazungumzo mafupi ya watu wachache.

Google Meet: Mwenye kuandaa anahitaji akaunti ya Google, yaani ile ile ya Gmail. Bila malipo, mkutano wa watu watatu au zaidi unaruhusiwa dakika 60, na watu hadi 100.

Zoom: Mwenye kuandaa anahitaji akaunti, lakini kwa kawaida mwalikwa hahitaji. Bila malipo, mkutano unakatika baada ya dakika 40, na unachukua watu hadi 100.

Baadhi yetu tulizoea Skype, lakini huduma hiyo ilifungwa Mei 2025. Kama mwongozo wa zamani wa ofisi yenu bado unaitaja, urekebisheni.

Kamati yetu ya maji ina ajenda moja nzito, na watahitaji mkalimani. Tafsiri huongeza muda karibu mara mbili. Kwa hiyo dakika 40 hazitoshi. Wanaweza kuchagua Google Meet, au kumwomba mfadhili mwenye akaunti ya kulipia awe mwenyeji wa mkutano.

3. Akaunti iwe ya kamati

Fungueni anwani ya baruapepe kwa jina la kamati. Nywila ijulikane na watu wawili, kwa mfano katibu na mhazini. Akaunti ikiwa ya mtu binafsi, siku anapohama au anapokosana na wenzake, mikutano, mialiko na anwani za wafadhili huondoka naye.

4. Saa iandikwe kwa namna mbili

Hapa ndipo mikutano mingi inapoharibika kabla ya kuanza. Sisi tukisema saa tisa alasiri, mgeni huiandika 15:00. Tukimwandikia "saa 9" peke yake, anaweza kuelewa saa tatu asubuhi ya kwetu. Hivyo andikeni saa ya Kiswahili na ya tarakimu 24 pamoja.

Aidha, kumbukeni kwamba Ulaya hubadili saa mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Saa tisa alasiri ya Tanzania, Kenya na Uganda ni 14:00 Ujerumani wakati wa kiangazi chao, na 13:00 wakati wa baridi. Kwa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ni saa nane mchana mwaka mzima. Kwa Chicago ni saa moja asubuhi wakati wa kiangazi, na saa kumi na mbili asubuhi wakati wa baridi. Marekani hubadili saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, tofauti na Ulaya. Mkutano wa Machi unahitaji kuhakikiwa zaidi.

5. Kutengeneza kiungo

Kwa Google Meet, ingieni kwa akaunti ya kamati, bonyezeni kitufe cha mkutano mpya, kisha chagueni kutengeneza mkutano wa baadaye. Mtapewa kiungo kinachoanza na meet.google.com na kuishia na herufi chache. Kinakilini chote bila kupunguza hata herufi moja. Mkipenda tarehe na saa viingie humo humo, tengenezeni mkutano kupitia kalenda ya Google.

Kwa Zoom, chagueni kupanga mkutano, jazeni mada, tarehe na saa, kisha hifadhini. Ruhusuni programu itoe namba mpya kwa kila mkutano. Msitumie ile namba ya kudumu ya akaunti, maana mtu aliyealikwa mwaka jana anaweza kujikuta anaingia kwenye mkutano wa leo.

6. Kusambaza mwaliko

Kiungo ni kama ufunguo wa mlango. Mwaka 2020 watu wasioalikwa waliingia katika mikutano mingi duniani, mingine ya ibada na ya shule, wakaonyesha picha chafu na kutukana. Machi mwaka huo shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo. Kuanzia Septemba 2020, Zoom iliagiza kila mkutano uwe na nywila au chumba cha kusubiri.

Lakini tuelewe jambo moja. Kwa kawaida kiungo kamili cha Zoom hubeba nywila ndani yake. Aliyekipata hupita moja kwa moja bila kuulizwa. Kwa hiyo nywila haiwalindi ikiwa kiungo kimetupwa kwenye kikundi cha watu mia mbili. Ulinzi ulio imara zaidi ni chumba cha kusubiri, ambapo mwenyeji anaona jina la anayebisha hodi na kumruhusu au kumkataa.

Tumeni mwaliko kwa kila mjumbe binafsi, na mhakikishe kila mmoja amejibu. Mwaliko unaweza kuandikwa hivi:

MWALIKO WA MKUTANO WA VIDEO
Mada: Pampu ya maji na ombi la kubadili bajeti
Siku: Alhamisi, tarehe 12 Machi
Saa: 9:00 alasiri, Afrika Mashariki (15:00). Ujerumani 13:00
Muda: Dakika 60
Kiungo: (wekeni kiungo kamili)
Viambatisho: Ankara tatu za pampu, taarifa ya mapato na matumizi
Ukishindwa kuingia, mpigie katibu kwa namba: (wekeni namba)
Tafadhali usikitume kiungo hiki kwa mtu mwingine.

Mwaliko utumwe wiki moja kabla, na ukumbusho asubuhi ya siku yenyewe. Karatasi za hesabu zitangulie. Mtu hawezi kusoma ankara kwenye kioo cha simu huku anasikiliza.

7. Vifaa, umeme na bando

Si lazima wajumbe tisa wawe na simu janja tisa. Wakusanyike katika ukumbi wa parokia kwenye kompyuta moja yenye spika inayosikika. Kama wengine wana simu zilizoingia kwenye mkutano huo huo ndani ya chumba kimoja, wazime maikrofoni na sauti za simu hizo, la sivyo kutatokea mlio mkali unaoumiza masikio. Msemaji asogee karibu na kompyuta.

Mjumbe mgonjwa au aliye mbali mwenye simu ya kawaida asiachwe. Mpigieni kwa simu nyingine, wekeni sauti ya nje, na muiweke karibu na kompyuta. Atasikia na atasikika.

Kuhusu bando, sauti peke yake hula kidogo, pungufu ya MB 100 kwa saa. Picha hula mara nyingi zaidi: saa moja inaweza kumaliza zaidi ya MB 500, na wakati mwingine zaidi ya GB 1. Mtandao ukiwa dhaifu, onyesheni sura wakati wa kusalimiana, kisha zimeni kamera. Sauti inayosikika ni bora kuliko picha inayogandaganda. Chajini betri kikamilifu kabla, na simu yenye bando iwe tayari kutoa intaneti umeme ukikatika. Jaribuni vyote siku moja kabla, katika chumba kile kile na saa ile ile.

8. Wakati wa mkutano

Mwenyeji afungue dakika 15 kabla. Mwenyekiti ataje kwa jina wote waliohudhuria, hata wale ambao kamera haiwaoni, na katibu aandike. Kila mtu azime maikrofoni mpaka zamu yake. Baada ya kila hoja, mwenyekiti aulize kwa majina: "Mama mhazini, una neno? Fundi, je?" Mtandaoni mtu mpole humezwa haraka kuliko chini ya mwembe.

Mkubaliane tangu mwanzo mtandao ukikatika itakuwaje. Katika mfano wetu, kamati na wafadhili waseme wazi: upande mmoja ukipotea, hakuna uamuzi wa fedha unaopitishwa mpaka urudi. Asiporudi mtu kwa dakika 15, mkutano unaahirishwa. Mwenyeji akilazimika kuondoka, amkabidhi mwingine uenyeji kwanza, asije akafunga mkutano kwa wote.

Kama mnataka kurekodi, ombeni idhini ya wote kabla ya kubonyeza kitufe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini hata bila sheria, mgonjwa, mjane au mtoto anayesaidiwa na mradi ana heshima yake. Asionyeshwe kwenye kamera ili kuwaridhisha wageni.

9. Baada ya mkutano

Katibu atume muhtasari ndani ya siku tatu, ukitaja kilichokubaliwa, nani atafanya nini na lini. Uamuzi wa fedha uthibitishwe kwa maandishi na pande zote mbili. Kisha muhtasari usomwe mbele ya wananchi wanaochota maji, kwa lugha wanayoielewa. Pampu ni yao, na michango ya kuitunza itatoka kwao.

Neno kwa wafadhili wetu

Nanyi mna sehemu yenu. Ukimya wa kamati mtandaoni si kukubali. Pengine sauti imekatika, au mkalimani hajamaliza. Ulizeni tena, na mwombe kumsikia mhazini na mtumiaji wa kawaida wa maji. Gharama ya bando iwekwe kwenye bajeti ya mradi, isitoke mfukoni mwa katibu. Msiombe kutembezwa na kamera majumbani mwa watu bila taarifa. Na pale ambapo jambo ni zito, au kuna kutoelewana kuhusu fedha, fungeni safari mje. Mkutano wa video husaidia watu wanaoaminiana. Hauwezi kujenga uaminifu uliovunjika.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika mkutano wetu wa video uliopita, ni nani hakuwepo, na kwa nini?
2. Akaunti tunayotumia ni ya nani? Nywila inajulikana na wangapi?
3. Je, wanawake na vijana wa kamati walisema wenyewe, au walisemewa?
4. Mtandao ulipokatika, tuliamua nini wakati wengine hawasikii?
5. Muhtasari wa mwisho ulisomwa wapi, na ni nani waliousikia?

Tunashauri somo hili lisomwe kwa sauti katika kikao kijacho, sehemu moja moja, na kamati ijaribu kufungua mkutano mfupi wa majaribio kati ya vyumba viwili vya parokia. Makosa yatakayotokea siku hiyo hayatagharimu chochote. Tunawatakia maandalizi mema na mazungumzo yenye matunda.