Chora Kwanza, Jenga Baadaye

Mwulize muuguzi wa mapokezi angependa mfumo wa kusajili wagonjwa uweje. Atakujibu, "Uwe rahisi, uwe wa haraka." Hajakuficha kitu, kazi yake anaijua kwa mikono. Sasa mwekee mezani skrini uliyoichora kwa penseli, umwombe amsajili mtoto mchanga ambaye bado hajapewa jina. Papo hapo atauliza, "Mbona hapa ni lazima nijaze jina?" Swali hilo lingekuja baada ya mfumo kujengwa, ungebomoa mengi.

Hapo ndipo mfano wa awali, yaani kielelezo cha kujaribia kabla ya kujenga, unapohitajika: watumiaji wanaijua kazi lakini kuieleza ni vigumu. Jeff Hawkins, mbunifu wa kompyuta ya mkononi ya PalmPilot, kabla ya kifaa hicho kutengenezwa miaka ya 1990, alitembea na kipande cha mbao mfukoni, akikitoa kana kwamba anaandika miadi yake. Mbao tu, nayo ikampa jibu kuhusu ukubwa unaofaa.

Kuna wakati mchoro hautoshi. Majaribio ya M-Pesa yaliyoanza Kenya mwaka 2005 yalilenga urejeshaji wa mikopo midogo kwa simu, lakini watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikotangulizwa. Tabia kama hiyo haijitokezi kwenye karatasi. Inataka kitu kinachofanya kazi kweli, kwa watu wachache, kwa muda wa kutosha.

Lakini si kila kazi inahitaji mfano. Kwa hesabu za mishahara na makato ya kodi, usipoteze siku kuchora. Kanuni zimeshaandikwa: zisome, jenga, pima.

Hatari kubwa huja mfano unapopendeza. Mkurugenzi akiona skrini inang'aa atasema, "Tuanze Jumatatu," ilhali nyuma yake hakuna ulinzi wa taarifa wala nakala za akiba. Nimeona mifano ya namna hiyo ikigeuzwa mfumo, na wanaoumia ni watumishi wa kaunta na wagonjwa walio kwenye foleni. Kwa hiyo acha mfano ubaki na sura ya penseli, na mkubaliane kwa maandishi, kabla ya kuanza, kwamba utatupwa.

Uoneshe kwa watakaoutumia, si kwa wakuu wao peke yao. Kaa kimya wakihangaika, andika wanapokwama, rekebisha, rudi tena. Ukiona watu watatu mfululizo wamemaliza kazi bila kukuuliza kitu, weka penseli chini uanze kujenga.