Uvae Nini Safari Ndefu ya Baiskeli: Korogwe, Handeni na Milima ya Usambara

Lami ya kutoka Korogwe mjini hadi Handeni mjini ni kilomita zipatazo 65. Kwa baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa si mbaya, kwa hiyo ukitoka alfajiri utafika karibu na adhuhuri, ukihesabu na mapumziko. Katika muda huo unaweza kuanza na ubaridi wa bonde la mto Pangani, ukachomwa na jua la Uzigua, kisha ukaingia Handeni umelowa mvua chapachapa. Siku nyingine ukigeukia milimani, kwenda Vugiri, Bungu au hata Lushoto, utapokewa na ukungu. Ni mkoa mmoja na baiskeli ni ile ile, lakini hali ya hewa ni tatu au nne tofauti, na wengi wetu tunazikabili zote kwa fulana ya pamba, suruali ya jinzi na kandambili.

Ukitaka kujua nguo ipi inafaa, jiulize jambo moja: ikilowa, itakauka upesi kiasi gani? Mwili unaofanya kazi juani hutoa jasho jingi, na kwa joto kali mtu anayekanyaga pedali kwa nguvu huweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Jasho hilo hupoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi na kupeperuka. Nguo ya pamba hulinyonya na kubaki nalo. Hapo nguo inakuwa nzito, inashikana na mgongo, inasugua makwapa na mapaja mpaka yanababuka. Ukianza kushuka mteremko, au wingu likifunika jua, nguo hiyo hiyo iliyolowa inakugeuzia baridi. Jinzi ni mbaya zaidi, kwa sababu ni pamba nzito na mishono yake minene inakaa pale pale unapokalia.

Sasa uvae nini juu? Jezi ya mpira wa miguu. Huhitaji kutafuta duka la vifaa vya baiskeli, maana jezi nyingi za mpira zimefumwa kwa nyuzi za polista, tena zina vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Waendesha baiskeli walioshindana Kigali mwezi Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, walivaa vitambaa vya jamii hiyo hiyo. Tofauti kubwa ni mkato unaobana mwili na mifuko ya mgongoni. Kwa hiyo ile jezi yako ya Simba, Yanga au Coastal Union ni nguo nzuri ya safari, mradi iwe ndefu ya kufunika kiuno unapoinama.

Kama huna, nenda kwenye gulio au kwa wauza mitumba mjini. Soma lebo ya shingoni: ikiandikwa polyester, chukua; ikiandikwa cotton, hiyo ni pamba, iache kwa matumizi ya nyumbani. Lebo ikiwa imekatwa, lowesha ncha ya nguo kwa matone ya maji na uipepee. Polista hukauka upesi, pamba hubaki na ubichi. Chagua rangi ya kung'aa, kama njano, nyeupe au chungwa. Rangi nyeusi hufyonza joto, na dereva wa lori huiona kwa kuchelewa. Kama ngozi yako huungua juani au utakuwa njiani mchana kutwa, mikono mirefu ni bora kuliko mifupi, ila kitambaa kiwe chepesi. Tenga shilingi 3,000 hadi 5,000 kwa jezi ya mtumba, na ukijua kuomba punguzo utapata chini ya hapo.

Nguo ya chini ndiyo inayostahili fedha na uangalifu zaidi, kwa sababu maumivu ya makalio ndiyo yanayowarudisha watu njiani. Kinachoumiza ni mishono inayosugua ngozi yenye jasho maelfu ya mara, mpaka yanatokea malengelenge na wakati mwingine majipu. Bukta maalumu ya baiskeli hubana mapaja na ina kipande laini cha sponji sehemu ya kukalia. Huvaliwa bila chupi ndani. Wengi hushangaa kusikia hivyo, lakini chupi inarudisha mishono ile ile tunayoikimbia. Bukta hizi huonekana mara moja moja kwenye mitumba. Kagua sponji kwa vidole: ikiwa imekuwa ngumu au imekunjamana, usinunue hata kwa bei ya kutupa. Ukiipata nzuri, ifue kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuivaa.

Usipoipata, mpelekee fundi cherehani skintaiti nene inayovutika. Mwombe akushonee kwa ndani kipande kimoja cha kitambaa laini kisicho na mshono katikati, na kingo zake azilaze bapa. Unene wa sponji usizidi kidole kidogo. Ukizidi hapo inajikunja na kuumiza zaidi. Kwa skintaiti na kazi ya fundi, shilingi 10,000 hadi 15,000 zinatosha kuanzia mazungumzo. Kabla ya kuondoka paka vaselini kidogo kwenye mapaja na sehemu inayogusa tandiko. Angalia na urefu wa tandiko lenyewe: pedali ikiwa chini kabisa na kisigino chako kiko juu yake, goti linyooke. Tandiko la chini mno linachosha magoti, na hakuna bukta itakayolitibu hilo.

Je, utapita vijijini na bukta inayobana? Wanaume kwa wanawake, wengi wetu hatutaki hivyo, na si lazima. Vaa bukta ya kupwaya au suruali nyepesi ya traksuti juu ya ile inayobana. Mguu wa suruali upande wa cheni uufunge kwa kipande cha tyubu kuukuu, usije ukanaswa na meno. Kwa mwanamke, skintaiti ndefu na gauni fupi la magotini la kitambaa chepesi ni vazi la heshima na linafaa kuendeshea. Dera na baibui hunaswa kwenye cheni na spoku. Kama hutaki kuviacha, viweke kwenye mzigo uvivae ukifika. Mtandio uwe mwepesi, uufunge kwa nyuma na ncha zake uziingize ndani ya jezi. Na kila msafiri abebe kanga au kikoi. Utajifunga ukisimama kula, utajifunika ukipumzika, utajifutia mvua, na ukiingia nyumba ya watu utakuwa umestirika.

Jua la kiangazi, Januari na Februari, ni kali katika nyanda hizi zote. Mashamba ya mkonge yanayozunguka Korogwe hayana kivuli cha kumfaa msafiri, kwa hiyo kivuli ubebe mwenyewe: kofia yenye ukingo wa mbele na mikono mirefu. Saa sita hadi saa tisa mchana uwe umesimama mahali. Beba lita tatu za maji kwa mtu mmoja na ujaze tena kila unapopata maji safi. Maji matupu hayatoshi, kwa kuwa jasho hutoka na chumvi. Changanya pakiti ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, zinazouzwa duka la dawa kwa bei ndogo. Waweza pia kutengeneza mwenyewe kwa lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Kichwa kikigonga, ukasikia kichefuchefu au kizunguzungu, shuka ukae kivulini. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka huku ngozi yake ina moto, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mtafute gari la kumfikisha hospitali, iwe Magunga pale Korogwe au ya wilaya Handeni, yoyote iliyo karibu.

Watu huuliza sana kuhusu koti la mvua, na jibu langu huwashangaza: katika mvua ya masika ya huku bondeni, Machi hadi Mei, koti halitakuweka mkavu. Koti zito la plastiki huzuia mvua kuingia na pia huzuia jasho kutoka, na baada ya nusu saa ya kukanyaga utakuwa umelowa kutoka ndani. Kwa kuwa hewa yenyewe ni ya joto, ni heri ulowe ukiwa na jezi na bukta zitakazokauka, na nguvu zako uzielekeze kwenye kulinda nguo za kubadilisha. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na kiroba hupitisha maji. Kinachofaa ni ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko unaobana, iliyooshwa vizuri na kufungwa kwenye keria kwa mpira. Nguo, simu, daftari na kitambulisho vitafika vikavu hata mvua ikinyesha njia nzima. Radi zikianza, ondoka kwenye uwanda wazi, usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Ingia kwenye nyumba.

Milimani mambo hubadilika, na hapo koti ni la lazima. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Kutoka Mombo hadi Lushoto barabara hupanda karibu mita 1,000 katika kilomita zipatazo 33, na mwezi wa Juni hadi Agosti ukungu wa Usambara hukaa mpaka katikati ya asubuhi. Kupanda kwenyewe hutasikia baridi. Utatiririka jasho, na unapaswa kuwa na jezi tu. Hatari iko kwenye kushuka. Miguu imepumzika, upepo unakupiga kifuani, jasho lote liko mgongoni. Vidole vikifa ganzi huwezi kubana breki, na rimu za chuma zikilowa breki hushika kwa shida.

Kwa hiyo ukifika kileleni usianze kushuka na nguo uliyopandia. Ingia mahali penye kinga, vua jezi iliyolowa, jifute kwa kanga, vaa kavu na juu yake jaketi jepesi la kuzuia upepo. Kama jaketi huna, nunua gazeti, likunje mara mbili na ulitandaze kifuani ndani ya jezi. Waendesha baiskeli wa Ulaya wamefanya hivyo kwenye miteremko ya milima yao kwa miaka mingi, na karatasi huzuia upepo vizuri sana kwa gharama ya gazeti moja. Glovu za pamba zikilowa hazisaidii. Tafuta za sufu au za nailoni. Anza kubana breki mapema, mbali na kona. Ukitetemeka bila kuweza kujizuia, simama, ujifunike, unywe chai ya moto yenye sukari. Tetemeko likikoma na akili ikarudi sawa ndipo uendelee.

Miguuni vaa raba yenye soli ngumu na kamba ziingizwe ndani. Yeboyebo huteleza kwenye pedali zikilowa, na kandambili haziachi kidole salama unapoanguka. Kichwani, helmeti ya baiskeli yenye matundu ya hewa ni bora. Ya pikipiki ni nzito na itakuchemsha. Mpya tenga 30,000 hadi 60,000. Ya mtumba ikague: ikiwa na ufa hata mwembamba, haitakulinda tena. Miwani myepesi, hata isiyo ya jua, huzuia vumbi jekundu la njia za Handeni na wadudu wa jioni.

Ukiwa utapita Segera, Kabuku au Mkata kwenye barabara kuu ya Chalinze, ambako mabasi na malori hayakatiki, kuonekana ni muhimu kuliko nguo nyingine zote. Kizibao cha kuakisi mwanga wanachovaa bodaboda hupatikana kwa shilingi 5,000 hadi 10,000. Kivae juu ya koti, mchana na usiku, na kisifunikwe na begi. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ziwe zinawaka hata kwenye ukungu. Kaa kushoto kabisa, na lori likikupita shika usukani kwa mikono miwili, kwa sababu upepo wake husukuma kwanza na kuvuta baadaye. Koti linalopepea huukamata upepo huo, ndiyo maana nasisitiza kila kitu kifungwe.

Kama fedha hazitoshi kwa vyote, anza na kizibao na taa, kisha helmeti, kisha bukta. Jezi huenda tayari unayo. Jaketi na koti la mvua, ambalo tenga 15,000 hadi 30,000, vinaweza kusubiri hadi upange safari ya mlimani.

Ukifika, vua bukta mara moja, usikae nayo ukipiga soga. Ifue siku hiyo hiyo, uigeuze ndani nje na uianike juani, kwani jua huua vijidudu vinavyoleta majipu. Jezi ifue kwa maji baridi bila kuipiga pasi, maana polista huyeyuka. Kizibao kifute tope kwa kitambaa chenye maji: michirizi yake ikichafuka haiakisi mwanga.