Sulhu Haisimami Ila Juu ya Haki

Ndugu zetu, watu wengi hudhani kwamba vita vikikoma amani imekwisha kupatikana. Dhana hii si sawa. Kukoma kwa vita ni kunyamaza kwa bunduki. Ama amani ni kutulia kwa nyoyo, na baina ya mawili haya pana mwendo mrefu. Somo letu la leo twalitoa katika nchi ya Bosnia na Herzegovina, huko Ulaya, kwani mambo yake ni mazingatio kwa kila mji unaokaliwa na watu wa asili mbalimbali.

Nchi ile yakaliwa na mataifa matatu: Wabosnia walio Waislamu, Waserbia wa kanisa la Kiorthodoksi, na Wakroatia walio Wakatoliki. Husemezana wakaelewana, na kabla ya vita walikuwa majirani na wakioana. Vita vilipoingia mwaka 1992 viliua watu wapatao 100,000, na zaidi ya milioni 2 wakatoka majumbani mwao, yaani karibu nusu ya wenyeji. Mapatano yalifikiwa Dayton, Marekani, Novemba 1995, yakatiwa saini Paris mwezi uliofuata. Yaliuzima moto, lakini yaliigawa nchi sehemu mbili, na urais ukawa wa watu watatu, mmoja kwa kila taifa. Basi kazi ya kuwapatanisha watu ilibaki, nayo yasimama juu ya haki tatu.

Haki ya kwanza ni ya wafu. Mji wa Srebrenica ulipotekwa Julai 1995, wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa, na mahakama za kimataifa zimehukumu kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari. Wauaji walirudi wakayafukua makaburi kwa mashine na kuihamisha miili ili kuficha. Hata mifupa ya mtu mmoja ikaonekana katika makaburi zaidi ya moja. Wataalamu walichukua damu ya jamaa wakailinganisha na mifupa, na kwa njia hiyo karibu watu 7,000 wamejulikana majina yao. Mama aliyepata kaburi la mwanawe apata pa kusimama. Ama anayeambiwa kwamba mwanawe hakuuawa, huyo hawezi kutakwa asamehe, kwani atasamehe nini?

Haki ya pili ni ya nyumba. Mapatano yale yaliwapa waliokimbia haki ya kurudi, na nyumba zaidi ya 200,000 zilirudishiwa wenyewe. Hili ni jambo adhimu. Lakini wengi waliopewa funguo waliuza wakaenda zao, kwa kukosa kazi na kwa kuwahofu majirani. Msikiti wa Ferhadija mjini Banja Luka, uliojengwa mwaka 1579, ulibomolewa mwaka 1993. Waislamu walipokwenda kuweka jiwe la msingi mwaka 2001 walipigwa mawe, na mzee mmoja akafa. Hawakulipiza. Waliyakusanya mawe ya zamani yaliyokuwa yametupwa, wakajenga, na msikiti ukafunguliwa tena mwaka 2016.

Haki ya tatu ni ya watoto. Baada ya vita zilipatikana skuli zaidi ya 50 ambamo watoto wa Kiislamu na wa Kikroatia wasoma chini ya paa moja kwa mitaala mbalimbali, na pengine huingia kwa milango mbalimbali. Mtoto afundishwaje kumwamini mwenziwe asiyepata hata kukaa naye? Katika mji wa Jajce wakubwa walitaka kufungua skuli ya kuwatenga vijana. Vijana wenyewe wa pande zote wakaandamana pamoja mwaka 2016 na 2017, mpaka shauri lile likaachwa. Watoto waliwashinda wazee kwa busara.

Wala tusidhani kwamba kusaidia sulhu ni kuwalilia wa kwetu peke yao. Mwaka 1998 mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani watu watatu wa kambi ya Čelebići, Waislamu wawili na Mkroatia mmoja, kwa maovu waliyowatendea mahabusi wa Kiserbia. Wako miongoni mwetu wasiopenda jambo hili litajwe. Sisi twasema litajwe, kwani dini yetu imetuamrisha uadilifu hata juu ya nafsi zetu na jamaa zetu, na mficha maradhi kifo humuumbua. Anayehesabu maiti za upande mmoja tu hapatanishi. Aandaa vita vingine.

Nasi katika Kenya tumeyaonja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100, jirani akimfukuza jirani. Basi yatupasa tuanze barazani petu: tusiache kabila zima lisingiziwe kosa la mtu mmoja, na aliyedhulumiwa tumsimamie, awe wetu au si wetu. Huo ndio msingi wa sulhu, na tawfiki ni kwa Mwenyezi Mungu.