Chupa za machozi: tulikosa

Ndugu wanafunzi, juma lililopita kwenye ibada ya asubuhi tuliwafundisha ya kwamba Waroma wa zamani walilia ndani ya chupa ndogo za kioo, kisha wakazika chupa pamoja na maiti. Tulionyesha na picha. Wengi waliguswa. Lakini haiko kweli, na tunapaswa kusahihisha mbele ya wale wale tuliowaambia.

Kwanza kioo kilikuwa mali ya matajiri, sababu fundi alizungusha kioo cha moto juu ya kiini cha udongo, kazi ya polepole sana. Halafu, karibu mwaka wa 50 mbele ya Kristo, mafundi wa pande za Siria na Palestina walivumbua kupuliza. Unachota kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba, unapuliza, chupa iko. Bei ikaanguka. Strabo aliandika ya kuwa kule Roma kikombe cha kioo kilinunuliwa kwa feza kidogo ya shaba. Hapo hata mtu wa kawaida akapata kachupa kake ka mafuta ya kunukia. Shingo yake ni nyembamba, mafuta yatoke tone kwa tone na harufu isikimbie. Jaribu basi kulilia ndani ya tundu kama lile!

Nani alileta machozi? Wakusanyaji wa siku za nyuma walipata chupa hizo zimetoka makaburini, na Zaburi 56 inasema juu ya machozi katika chupa. Wakaunganisha. Lakini neno la Kiebrania pale ni kiriba cha ngozi. Na wachunguzi waliopima mabaki ndani ya chupa kadhaa wamekuta mafuta. (Chupa ya yule mwanamke wa Marko 14 ni ya alabasta, ni jiwe, msichanganye.)

Mpaka leo wako watu wanaozinunua, hasa kwa rangi zake za upinde wa mvua. Rangi hiyo hakuna fundi aliyeitia: ni unyevu wa udongo uliokula kioo karne nyingi. Ukisugua, inabanduka. Mwenye akili anauliza kwanza karatasi: ilitoka wapi, mwaka gani? Mapatano ya UNESCO ya 1970 yanapinga biashara ya vitu vya namna hiyo vilivyoibwa. Mwizi wa kaburi anachukua chupa, anatawanya kijiti cha wanja na vitu vingine vilivyolala kando yake. Na ni vitu hivyo vingetuambia chupa ilikuwa ya kazi gani.

Picha ingali ukutani ku darasa la sita. Tumefuta neno «machozi» chini yake, tukaandika «mafuta».