Mjane, Mafuta na Deni: Somo kwa Kijana Anayetaka Kuanza Biashara Bila Mtaji



Vijana wenzangu, kabla hujaendelea, naomba ufungue Biblia yako, Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, usome aya saba za mwanzo tu. Ni dakika mbili. Kama uko kwenye daladala na Biblia huna, nitakusimulia kwa maneno yangu, ila jioni ukifika nyumbani usome mwenyewe.

Nimezichagua aya hizi kwa sababu ya swali ambalo kila tukikutana VIWAWA lazima mtu aliulize: "Nataka kuanza biashara, mtaji nautoa wapi?" Hapa kwetu Manyamanyama swali hili nimelisikia kwa waliomaliza form four na kwa wenye digrii. Wengine wanaliuliza huku wameshakata tamaa, yani wanauliza tu ili waambiwe haiwezekani, waende zao kijiweni.

Habari yenyewe ni hii. Mwanamke mmoja amefiwa na mume, na mume alikuwa wa kundi la manabii. Ameacha deni. Mdai amekuja, na kwa kuwa hakuna cha kuchukua, anataka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mama anamlilia nabii Elisha. Elisha anamuuliza nyumbani kuna kitu gani. Anajibu kwamba hana kitu, ila mafuta kidogo ndani ya chupa. Basi anaambiwa aende kwa majirani wote aazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Akamimina mpaka vyombo vikaisha, na mafuta yakakoma. Kisha nabii akamwambia auze, alipe deni, na kinachobaki wale yeye na wanawe.

Kuna jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Mama anasema marehemu alikuwa mcha Mungu, na Elisha habishi. Kwa hiyo tunaye mtu aliyemcha Mungu, aliyeishi na manabii, na amekufa na deni. Siku hizi yako mahubiri, mengi yanatufikia kwenye simu, yanayokuambia kwamba ukiwa huna hela basi imani yako ina kasoro au ukoo wenu umefungwa. Kijana anatoka hapo na mizigo miwili: njaa, na aibu mbele za Mungu. Aya hii inakutua huo wa pili. Elisha hakumuuliza mjane amekosa nini. Aliuliza kuna nini nyumbani.

Sasa huyo mdai. Siku hizi tunamjua kwa jina lingine: kausha damu. Mkopo wa haraka, hauna maswali mengi, marejesho kila siku. Naeleza ya nyumbani kwetu kwa ruhusa ya mama, na aliyetukopesha simtaji. Baba alipougua, mama alichukua 100,000, kurejesha 5,000 kwa siku, siku 28. Piga hesabu: ni 140,000. Riba ya asilimia 40 ndani ya mwezi mmoja. Mama ni fundi cherehani. Wiki yenye wateja analipa, wiki ya kukesha wodini halipi, na kila siku inayopita ina faini yake. Baba akafariki. Arobaini haijafika, wakaja na pikipiki wakabeba cherehani, wakasema kitarudi tukimaliza 84,000 iliyobaki.

Fundi asiye na cherehani anatafuta 84,000 kwa kutumia nini? Nilipata jibu la kunishangaza katika Kumbukumbu la Torati 24:6. Sheria ya Musa inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kumnyang'anya mtu jiwe hilo ni kuchukua uhai wake. Maelfu ya miaka kabla ya kausha damu, Mungu alishaona kwamba yuko mkopeshaji atakayebeba chombo kile kile ambacho mdaiwa angekitumia kulipia. Kama kuna siku utakuwa wewe unayekopesha, kwenye kikoba au mtaani, aya hiyo ni yako pia.

Turudi kwa mjane. Alisema hana kitu, kisha akasema "ila". Nawaomba vijana mkae kwenye hiyo "ila". Kwetu ilikuwa hivi: hatuna kitu, ila nusu debe ya ulezi, sufuria kubwa ambayo baba aliinunua wakati wa Kipaimara yangu, jiko la mkaa, na mama anayejua kupika uji. Pia kitu ambacho hatukukihesabu mwanzoni: tulikuwa tumelala hospitalini wiki kadhaa, tukajua kwamba wanaouguza wagonjwa huamka alfajiri wana njaa, baridi imewapiga, na chai ya maana hawaipati mpaka kukuche. Hicho nacho ni kitu kilichomo nyumbani. Mateso yenu yamewafundisha jambo ambalo mwenye mtaji wake hajui.

Tulikosa vyombo. Siku ya sala ya jumuiya mama alieleza shida yake, na hela hakuomba. Aliomba chupa za chai. Zikapatikana tano, moja kutoka kwa mama mmoja ambaye, Mungu anisamehe, sikutegemea hata atupe kiberiti. Mtazame Elisha hapa: hakumtuma mjane kwa majirani kukopa fedha, maana deni ndilo lililokuwa linamuua. Alimtuma kuazima vitupu. Jirani yako maskini hana 50,000 ya kukupa, lakini anacho kitu kinachokaa bure kabatini: chupa, baiskeli, meza, kibaraza, mashine ya kunyolea. Na ona kwamba mafuta yaliishia pale vyombo vilipoishia. Wengi tunaona aibu kuazima, tunaazima kimoja, halafu tunalaumu kwamba baraka ni ndogo.

Asubuhi ya kwanza mimi na mdogo wangu tulikaa ng'ambo ya geti la hospitali kabla hakujapambazuka. Kikombe 300. Chupa mbili zilirudi zimejaa, tukanywa na majirani. Vijana wa bodaboda waliniita "mama uji" kama wiki tatu hivi, baadaye wao ndio wakawa wateja wa kwanza kila alfajiri. Ulezi wa nyumbani ulipoisha tukaanza kununua, na hapo ndipo daftari lilipoanza kusema ukweli: unga 3,500, sukari 3,000, mkaa 1,000, maji na ndimu 500, jumla 8,000. Tukiuza vikombe 45 tunapata 13,500. Faida 5,500. Mama akaigawa kwa mkono wake: 2,000 deni, 2,500 chakula cha nyumbani, 1,000 kwenye kopo. Siku ya kuuza vikombe 30 tu, inabaki 1,000, na 1,000 hiyo ilikwenda kwenye deni. Siku hizo tulikula ugali wa muhogo kwa mboga za kuchuma.

Kuhusu ule mlango uliofungwa, wataalamu wa Maandiko watakupa maelezo mazuri zaidi yangu. Mimi naona hivi: kuna kipindi biashara ni changa na haihitaji watazamaji. Hujauza kikombe cha kwanza, umeshaweka status "CEO". Wakija kukucheka utaacha, wakikusifu utalewa. Fungeni mlango, mimineni. Na waliokuwa ndani na mama ni wale vijana wawili waliotaka kuchukuliwa utumwani. Wao ndio waliokuwa wanaleta vyombo. Hawakukaa sebuleni kusubiri muujiza wa mama.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Israeli ya kale na ya uji wa kwetu. Basi tuangalie watu wa mkoa wetu huu wa Mara ambao kila mtu anawajua. Ukitoka Bunda kuelekea Musoma, ukikata pale Makutano, unakwenda Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922. Tunamjua kama Rais, na tangu mwaka 2005 Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Ila mwaka 1955 alikuwa kijana mwenye mke na watoto wadogo, asiye na mshahara. Alikuwa mwalimu wa shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, na alikuwa ameshakuwa kiongozi wa TANU iliyoanzishwa mwaka uliotangulia. Aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha ualimu.

Alirudi huku Mara. Unajua alipata riziki kwa nini? Alimfundisha Kizanaki Padre Arthur Wille, mmisionari Mmarekani wa shirika la Maryknoll. Mtu aliyesoma Makerere na Edinburgh aliishi kwa kufundisha lugha aliyozungumza na mama yake akiwa mtoto. Hiyo ndiyo chupa ya mafuta iliyokuwamo nyumbani. Ni wangapi kati yetu tungeihesabu lugha yetu ya nyumbani kuwa ni mali?

Na upande wa mafuta hasa, muulizeni Mama Maria. Maria Nyerere alizaliwa tarehe 31 Desemba 1930 huko Baraki, upande wa Tarime, akasomeshwa na masista, akawa mwalimu, wakafunga ndoa Januari 1953. Walipokuwa Dar es Salaam bila mshahara wa Pugu, mama huyu wa miaka ishirini na kitu, mgeni wa mji, analea, alifungua duka dogo akauza mafuta ya taa. Yani mafuta, kama mjane wa Elisha! Kila nilipowaza habari hii nimejiuliza tungekuwa na historia gani kama angeona duka la mafuta ya taa halimfai mke wa kiongozi. Vitabu vingi vinamtaja kwa mstari mmoja, kisha vinarudi kwenye siasa. Mimi ningependa mstari huo usomwe na kila msichana wa Bunda anayeona aibu kukaanga maandazi kwa sababu ana cheti.

Nimebakiza jambo la fedha za kukopa, maana sitaki mtu aseme nimekataza mikopo. Zipo fedha ambazo sheria inazitaka halmashauri kuzitenga: asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hazina riba. Mwaka 2023 zilisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, zikarudi mwaka uliofuata. Kwa vijana zinakwenda kwa vikundi vilivyosajiliwa, na mlango wa kugonga ni wa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Msiende wakiwa mmeungana jana kwa ajili ya hela tu. Kikundi cha namna hiyo hela ikiingia kinavunjika. Anzeni kwa kuweka akiba pamoja, hata 500 kwa wiki, mjuane nani analipa na nani ana maneno mengi.

Pia usiruke mpangilio wa aya ya saba: uza, lipa deni, kisha ishi. Mafuta yalipojaa, mjane hakukimbilia sokoni wala kununua nguo. Alirudi kwanza kwa mtu wa Mungu kuuliza afanye nini. Tafuta mtu wa kumrudia hivyo: katekista, mlezi wenu, shangazi mwenye genge lililodumu miaka kumi. Sisi tulimaliza ile 84,000 ndani ya miezi miwili na siku kadhaa. Cherehani kilirudi hakina mkanda, mama akanunua mwingine kwa hela ya kopo, na uji hatujauacha.

Kazi ya wiki hii, na wa kigango chetu tutaijadili Jumapili baada ya Misa ya pili. Chukua karatasi, gawa mara tatu. Sehemu ya kwanza andika vyote vilivyomo nyumbani kwenu, hata vilivyovunjika, hata unachokijua tu kichwani. Ya pili andika majina ya watu watano na kitu kimoja kitupu ambacho kila mmoja anaweza kukuazima. Ya tatu andika madeni yote, na ya vocha na ya dukani kwa mangi, kwa tarakimu. Kisha iweke mbele ya Msalaba nyumbani, usali Baba Yetu moja taratibu, na ukifika kwenye riziki ya kila siku usimame kidogo. Jumapili njoo nayo. Mwenye madeni mengi asiogope, hatutasoma majina.